Lenzi Haikuwa na Kosa

Msomaji wangu, wiki iliyopita tulimzika, kwenye makaburi ya mtaa wa Ipuli, mpigapicha ambaye, kama umeishi Tabora miaka hii ya karibuni, huenda nawe umewahi kuketi mbele ya kamera yake. Habari niliipata kwa simu ya mkewe, asubuhi, nikiwa navaa viatu. "Shemeji, mwenzako ametutoka," alisema, na nyuma yake nikasikia wanawake wa kwaya wakianza kuimba. Ameondoka kabla ya uzee. Macho yake yalikuwa yametangulia, figo zikafuata. Wengi msibani walisema ni mapenzi ya Mungu, nami sibishani nao. Ila nilikuwa karibu naye wakati mambo yakienda mrama, na sidhani kama nitakuwa nimemkosea nikiyasimulia.

Urafiki wetu ulikomaa kwenye safari ya Igunga, tulipokwenda kuchagua lenzi. Alikuwa amenunua kamera ya dijitali iliyotumika, nayo ilikuja na lenzi ya plastiki inayojifokasi yenyewe. Hakuipenda. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya mitumba kutoka Mwanza alikubali tukutane stendi ya Igunga. Tuliketi kwenye mgahawa, mabasi na malori yakipiga honi nje, sahani za wali zikasogezwa pembeni, na lenzi tatu za chuma zikapangwa juu ya taulo. Zote zilikuwa za enzi ya filamu, za kufokasi kwa mkono: unazungusha pete taratibu huku unachungulia, mpaka sura iliyokuwa kama moshi itulie na kuonekana safi. Ya kwanza aliielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani, akairudisha. Ilikuwa na kuvu. Ya pili pete yake ilikuwa ngumu, grisi imekauka. Ya tatu, ya milimita themanini na tano, aliifunga kwenye kamera, akampiga picha mama aliyetuhudumia, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Kaka, kamera yako haitaitambua hiyo," muuzaji alimwonya. "Kila kitu utafanya mwenyewe. Chukua ya kisasa, ubonyeze tu."

"Ya kisasa inafokasi inapotaka yenyewe. Mara pua, mara ua la kitenge. Mimi nataka jicho."

"Na mtu akitikisika?"

"Nitamsubiri."

Alimsubiri kila mtu. Katika mji ambao sasa kila simu inapiga picha, na kila picha inalainishwa mpaka bibi wa miaka themanini anatoka na mashavu ya binti, yeye aliketisha watu kwenye kigoda na kuzungumza nao. Aliwauliza habari za mashamba na za wajukuu, mkono wake ukizungusha pete kidogo mbele, kidogo nyuma. Lenzi ya namna ile, tundu lake la mwanga likifunguliwa wazi, haisamehe. Jicho likiwa safi, sikio tayari lina ukungu, na mtu akivuta pumzi tu anaweza kutoka mahali pake. Lakini ilipokubali, ulimwona mtu. Wazee wa Urambo na Ulyankulu walimwita majumbani kwao, naye akaifuata barabara ya magharibi, ileile njia waliyopita wapagazi wa zamani, na kamera yake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya vumbi.

Huko Ulyankulu ndiko shida ilipojionyesha. Bibi mmoja, aliyefika nchini akiwa msichana akikimbia vita Burundi, hakuwahi kupigwa picha ya peke yake. Wanawe walimwomba rafiki yangu aende. Nilikuwapo siku hiyo. Bibi alivaa gauni lake la kwendea misa, akakaa wima, na nilipomwamkia, "Shikamoo," aliitikia "Marahaba" bila kugeuza shingo, kwa kuogopa kuharibu kazi. Mwenzangu alipiga picha nyingi, akazitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, akaridhika. Kabla hajazisafisha, bibi akafariki. Mwanawe mkubwa akaja Ipuli, nyumbani kwa rafiki yangu, kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Zilipofunguliwa kwenye kompyuta, hakuna hata moja iliyokuwa na uso. Kola ya gauni ilionekana uzi kwa uzi, mbao za ukuta zilionekana, lakini macho ya bibi yalikuwa ukungu mtupu.

Mwanawe yule hakugomba. Alisogea karibu na kompyuta, akarudi nyuma, akasema, "Tutamzika hivyohivyo." Akaaga, akaondoka.

Siku hiyo rafiki yangu hakula. Kesho yake akaanza kuishtaki lenzi. Alisema imeanguka bila yeye kujua. Akaipeleka kwa fundi, fundi akaifungua, akaifunga, akasema haina kosa. Akabadilisha kipande kinachoiunganisha na kamera. Pembeni ya tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha mwono kwa mtu mwenye miwani. Akakizungusha mpaka mwisho wake. Harusi moja ikatoka vibaya, halafu ya pili, na familia ya bi harusi ikamsema mbele za watu.

Mkewe ndiye aliyeliona mapema. Mama huyo anasema alianza kwa kuona chai ikimwagwa nje ya kikombe. Akaona mumewe anavyoamka kila mara kunywa maji. Akaona sisimizi wanavyojaa chooni baada yake, jambo ambalo mama yake mzazi alimfundisha maana yake. Akamwambia, "Baba watoto, si lenzi. Twende hospitali wakakupime sukari." Akajibiwa, "Macho yangu nayajua mimi." Akamwambia tena wakati wa mavuno, na tena Krismasi. Mwishowe akaacha kusema, akawa anamshika mkono wanapovuka barabara, na mumewe akidhani anashikwa kwa mapenzi.

Alipokubali kwenda, sukari ilikuwa imeshakula mishipa ya macho yote mawili, na figo zilikuwa zinachoka. Nilimtembelea wodini. Aliniuliza kama ni mchana. Nikamwambia ni saa tisa alasiri. Akasema, "Yule bibi nilimwona vizuri kabisa. Ndicho kinachonisumbua. Nilimwona vizuri." Mkewe, aliyekuwa akimnywesha uji, akamsogezea kijiko kingine mdomoni.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo haimfai rafiki yangu, kwa maana hakuficha kitu. Aliamini kwa dhati kwamba tatizo liko kwenye chombo. Nami nikitazama wanaume wa rika langu, naona ndivyo tulivyo. Miguu ikiwaka moto usiku tunalaumu viatu. Tukichoka tunalaumu jua. Tuko tayari kusafiri hadi Igunga kukagua kioo cha mtumba, lakini kituo cha afya kilicho mtaa wa pili tunakipita kila siku. Na anayetuona kuliko tunavyojiona, yule anayefua mashuka yetu na kusikia pumzi zetu, tunamwambia hajui.

Siku ya tatu baada ya maziko nilikwenda kupima. Kwenye benchi la kusubiri nilikuta wanawake tupu, na mwanamume mmoja, aliyesema amemleta mama yake. Nikamuuliza kama naye atapima. Akatabasamu, akasema yeye ni mzima.

Msomaji, kama mkeo, dada yako au binti yako ameshakuambia jambo kuhusu mwili wako, na ukamjibu kwamba unajijua, rudi kwake leo umwombe alirudie. Akiwa amechoka kulisema, basi ujue umechelewa, na utoke hapo ulipo uende ukapimwe.