Maji ya Bluu Uani Mchafukoge

Saa nne asubuhi, Bakili Mtepa amesimama juu ya ukingo wa tangi la saruji lililochimbwa uani, Mchafukoge. Wapangaji wamemzunguka. Mmoja ameshika nyundo.

"Yamwagwe yote!" anafoka Sitara, ambaye mwanawe amekuwa akitapika tangu jana. "Ametutilia bluu ya kufulia huyu!"

Bakili, mwenyeji wa Kilwa mwenye miaka arobaini na sita, ndiye mtunza tangi. Wiki iliyopita lilipigwa vigae vyeupe ndani. Lilipojaa, watu wakachungulia, wakaona rangi ya bahari. Na mabomba ya mtaa yana siku tatu hayatoi hata tone. Tangi likimwagwa, vyumba ishirini na viwili vitabaki na kiu. Lisipomwagwa, mtu anaweza kuumizwa hapa.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Sadalla, anajipenyeza mbele.

"Bakili, umetia nini humu?"

"Shikamoo, mzee. Sijatia kitu. Ni kina tu."

"Marahaba. Kina ndiyo rangi?"

Watu wanacheka kwa hasira.

Miaka kumi na mmoja Bakili alipiga mbizi bandarini, akisugua matumbo ya meli, mpaka sikio la kushoto likafa. "Nilikuwa najifunga kitambaa chekundu," anasimulia. "Nikishuka, kinakuwa cheusi. Nikipanda, chekundu tena. Nikadhani macho yangu nayo yanakwenda."

Fumbo hilo alilipeleka darasa la kisomo cha watu wazima, Kariakoo. Mwalimu Candida akamweleza kwamba mwanga wa jua umebeba rangi nyingi, na maji huumeza wekundu kidogo kidogo. Kwenye glasi, kinachomezwa ni kidogo mno, hakionekani. Kwenye kina kirefu, wekundu huisha, bluu ikabaki.

Sasa, pale tangini, anaomba sahani nyeupe na kamba. Anaitoboa ukingoni, anaifunga na jiwe, anaishusha. Inapofika chini, kimo cha watu wawili, imekuwa bluu. Anaivuta. Nyeupe pe.

Watu wanasogea kuitazama.

"Kunywa," anasema Sadalla.

Anachota glasi. Maji meupe. Anakunywa, anachota tena, anakunywa. Mwenye nyundo hasogei. "Tutangoja," anasema.

Wanangoja; Sitara anampeleka mwanawe zahanati. Saa nane mchana Sitara anarudi kutoka zahanati, mtoto mgongoni, vidonge mkononi.

"Malaria," anasema, bila kumtazama mtu. Kisha anasukuma ndoo yake mbele. "Haya, nichotee, kaka Bakili."

Hakuomba radhi, na Bakili hamdai. "Mama mwenye mtoto mgonjwa utamlaumu nini?" anauliza.

Kwenye daftari la kisomo ameshaandika kurasa tatu, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Anataka ziwafikie vijana wanaopiga mbizi bandarini leo, ambao hawajaambiwa chochote.

"Kwanza nawaandikia habari za masikio," anasema. "Rangi wataziona wenyewe."