Nani Alimshauri Isimbi?

Wakulima wa Giheke wanaomuuzia Joselyne maparachichi hawajawahi kujua anataka nini. Akifika kwao huanza na ndizi. Atazipapasa, atazisifu, ataulizia bei, na maparachichi yenyewe atayatupia jicho moja tu la dharau. Mwishowe mkulima ndiye anayembembeleza ayachukue. Alifundishwa hivyo na mama yake huko Bukavu alikokulia, kabla hawajarudi Rwanda, na ndivyo anavyoishi hadi leo: anavuka mpaka na mzigo wake kwenye daraja la Rusizi ya Pili, ananunua kwa nafuu, hamwamini mtu. Mwanamke wa namna hiyo usimpe habari mbaya kabla hajala.

Binti yake Isimbi alimaliza sekondari kwa alama nzuri, akabaki njia panda: asomee ukunga au kilimo? Alama zilimruhusu kote kuwili. Maombi ya chuo kikuu hutumwa kwa mtandao, unapanga chaguo la kwanza na la pili, na mwenye alama kama zake mara nyingi hupewa la kwanza. Joselyne alitaka ukunga, tena alitaka mpaka usingizi ukampaa. Basi Jumatano asubuhi Isimbi akamwonyesha kwenye simu maombi aliyokwisha kutuma: kilimo juu, ukunga chini. Mwisho wa kubadilisha ni Ijumaa.

"Vizuri," Joselyne alisema, uso mkavu. Ndani alikuwa anawaka. Kuna mtu amemchezea mwanangu, aliwaza, na leo nitamjua.

Alianzia kwa Bruno, mwenye kibanda cha intaneti pale Kamembe ambako vijana huenda kutuma maombi yao. Bruno alimsalimu hata kabla hajafika mlangoni. Haraka ya nini?

"Karibu, Maman Isimbi! Mutoto alijaza yeye mwenyewe. Mi nilimusaidia tu na picha."

Na nani alikuuliza? Joselyne alimwangalia vidole, akaangalia kompyuta yake, akaondoka bila kuaga. Anayejibu asichoulizwa ana lake jambo.

Nyumbani alimkuta jirani yake Patricie akimsubiri na sahani ya sambaza za kukaanga. Binti wa Patricie, Umuhire, naye ameomba ukunga. Ahaa! Nafasi ni chache, na huyu leo kaleta samaki. Joselyne alizitazama zile sambaza mpaka zikapoa.

"Mi ningependa batoto betu baende pamoja," Patricie alisema. "Mumoja akigonjwa, mwingine atamuangalia."

Joselyne aliona kila kitu wazi. Mtu asiyetaka waende pamoja angesema nini kingine? Yeye mwenyewe angesema hivyohivyo. Alipokwenda zake Patricie, sambaza zote alipewa paka.

Jioni hakuweza kuvumilia tena. Isimbi alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Isimbi, uniambie tu, sitakasirika. Ni muntu gani alikushauri kilimo?"

Kisu kilisimama. "Njo weye, maman."

"Mimi?"

"Nilikuuliza. Nilikuambia nimeshindwa kuchagua, unisaidie. Ukasema ukunga ni kazi ya kulala na harufu ya damu, mushahara kidogo, kilimo njo kazi ya bantu ba akili. Nikaenda, nikajaza vile ulisema."

Ilikuwa kweli. Siku ile walikuwa wanachambua maharagwe, na Isimbi alipotaja ukunga moyo wa mama uliruka kwa furaha. Furaha ilipotaka kuonekana usoni, mdomo ukakimbilia kusifu kilimo. Hakukusudia kumdanganya mtoto. Alikuwa ananunua tu, kama alivyozoea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akawakumbuka Bruno na Patricie, akatamani ardhi ipasuke.

Alikaa chini mbele ya binti yake akasema jambo lake waziwazi, pengine kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mi nataka ukunga. Siku nilikuzaa kule Gitambi nilikuwa nimeshakata tamaa. Mukunga alinishika mukono, hakuniachilia, alikuwa ananiita kwa jina langu. Nilisema, huyu mutoto akiwa mwanamuke, na yeye afanye ile kazi. Ningali naitaka, Isimbi. Naitaka sana."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Isimbi alimtazama machoni, akamtazama mikono, akarudi machoni. Alikuwa anatafuta ukweli uko wapi.

"Maman, usikasirike," alisema kwa upole. "Mi sijui kama unataka ukunga kweli, ao unaisifu kama zile ndizi za Giheke, ili nibakie ku kilimo."

Joselyne akaapa kwa jina la Mungu. Isimbi akaitikia kwa heshima, akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.