Muhuri wa Dhanmaya

Bhirkuna, kwenye milima ya Nepal, hakujawahi kuwa na mnara wa simu. Simu za wanakijiji zilipokezana habari zenyewe kwa zenyewe, nyumba hadi nyumba, na programu mpya zilisafiri hivyohivyo. Dhanmaya ndiye aliyepekua kila programu kabla ya kuitia muhuri wake. Bila muhuri huo simu ziliikataa. Walimwita mkaidi, naye hakujali. Kipimo cha maji kule juu kijitoni kilituma onyo la maporomoko ya udongo kupitia simu hizohizo.

Siku ya kuamkia Teej, sikukuu ya wanawake, wenyewe wakila na kushiba kabla ya kufunga, Sumitra, mke wa shemeji yake mkubwa, alimletea programu ya nyimbo. Bintiye Apsara, aliyekuja kwao kwa sikukuu, aliitoa mjini. Dhanmaya akaomba siku mbili.

"Siku mbili si Teej itakuwa imeisha? Mdogo wangu, hata mimi wa kupekuliwa?"

Wageni wote waligeuka kumtazama. Mkubwa wa nyumba utamkataliaje, sahani yake ikiwa mkononi mwako? Dhanmaya aliingia chumbani na simu, akakaa kitambo kama anayekagua, akatia muhuri bila kuifungua. Alitoka akitabasamu.

Kumbe programu ile haikujua kupumzika. Iliziita simu nyingine bila kukoma, ikila chaji, na kila simu iliyoipokea ikaanza kuita nayo. Kesho yake mchana, wanawake wakicheza hekaluni na nguo zao nyekundu, simu zilizimika moja baada ya nyingine. Wakalaumu betri. Mvua ikaja kwa hasira. Kipimo kilituma onyo, lakini hapakuwa na simu hata moja ya kulipokea. Apsara, aliyezidiwa na kiu ya mfungo, alikuwa amelala nyumba ya chini, kando ya kijito, mlima ulipoporomoka.

Walimtoa kwenye tope siku ya tatu. Baada ya mazishi Dhanmaya aliifungua programu, akaona kila kitu. Kuikagua kusingemchukua hata dakika kumi.

Alikwenda kwa Sumitra kusema ukweli. Akamkuta sakafuni, macho yamekauka.

"Watu wanasema ni zile nyimbo," Sumitra akasema. "Kwamba nimemuua mwanangu. Nimewaambia wewe uliangalia. Si uliangalia, mdogo wangu?"

Dhanmaya alitazama mikono yake.

"Niliangalia, Dada."

Sumitra akamshika mkono, akamshukuru.