Moja, Mbili, Amina

Mtaani walimwita Moja-Mbili, basi, maana hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuyatamka kwenye kipaza sauti, na vipaza sauti ndivyo vilivyomlisha. Spika za msikiti zikikwaruza, anaitwa. Za kanisa zikipiga mluzi, anaitwa. Hekaluni kwa Wahindu, ambako kengele ilimeza sauti ya kuhani, huko nako ni yeye. Alikuwa na ishara moja ambayo kila nyumba ya ibada iliijua: husimama nyuma kabisa, akainua mkono. Mkono ukiwa juu, sauti haifiki.

Na kusali je? Thubutu! Baba yake alikuwa mtu wa msikitini, mama wa kanisani, na kila mmoja, kwa heshima zake, akamwachia mwenzake amfundishe mtoto. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mtoto. Akakua anasikia dua za watu wote, yake hana.

Ila alijaliwa mke mwenye mdomo wa kuomba. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, bibie alikaa ukingoni mwa kitanda akawataja jamaa, majirani, hata mwenye duka waliyenuniana naye, kisha akamalizia, "Na huyu fundi wangu, mwenye waya mifukoni." Fundi akajibu, "Amina." Mke akafariki. Mwaka wa nne sasa, hakuna aliyemtaja Moja-Mbili mbele za Mungu, na hilo lilimuuma kuliko kula peke yake.

Kisha homa ikamlaza wiki tatu. Alikuwa akisikia hatua za watu nje, anajiinua kidogo, zinapita. Hakuja mtu.

Alipopata nafuu akarudi kazini. "Pole sana, ndugu yangu!" imamu akamwambia. "Tulisikia. Tukasema, alhamdulillahi, wenzako wa kanisani hawatakuacha."

Mchungaji naye akashika kifua. "Kaka, mimi nilijua watu wa msikitini wamejaa nyumbani kwako. Nikaona nisiwabane."

Hekaluni hata hakuuliza. Jamani, hakuna aliyemdanganya, na hakuna aliyemchukia. Sasa amlaumu nani?

Jumapili akavaa shati ambalo mkewe alikuwa akimtunzia kwa ajili ya harusi za watu. Bisibisi aliiacha mezani kwa makusudi, asije akaonekana yuko kazini. Akaketi benchi la mwisho kanisani, mikono magotini, akangoja kama mgeni asiyejua chakula kitaletwa saa ngapi.

Baada ya nyimbo mchungaji akasema, "Kama kuna mwenye mzigo moyoni, ainue mkono tumwombee."

Moyo ulimdunda hadi akaona aibu, kama vile jirani yake angeusikia. Mficha uchi hazai, akajiambia. Akauinua mkono. Aliunyoosha juu kabisa, asije akakosa kuonekana.

Mchungaji akamwona. Akakunja uso, akagonga kipaza sauti kwa kidole, tu, tu.

"Aa, samahanini, wapendwa. Fundi anatuashiria sauti haifiki huko nyuma. Fundi, njoo utusaidie, baba."

Watu wakageuka. Mama mmoja akasogeza mkoba wake ili apite. Angesema nini, kwamba siyo? Akaenda mbele, benchi baada ya benchi, na waliomfahamu wakampigapiga mkono, "Afadhali umepona, fundi." Akakishika kipaza sauti. Kilikuwa kizima, alikitengeneza mwenyewe juzi.

Kanisa likatulia. Watu mia tatu, wote wakimtazama yeye, wote wakimngoja yeye. Neno lilikuwa hapa kooni: niombeeni. Neno moja tu, na mitambo ilikuwa tayari kulifikisha hadi barabarani. Akafungua mdomo.

"Moja," akasema. "Mbili."

"Amina!" akadakia mzee mmoja wa kwaya, mtu wa mizaha, na kanisa zima likaangua kicheko, kicheko cha kumpenda kabisa, kisha wakaitikia wote kwa pamoja, "Amina!"

Moja-Mbili akacheka nao. Halafu akainama, akaanza kuukaza waya ambao haukulegea, akiukaza kwa kucha, kwa kuwa bisibisi ilibaki nyumbani.