Kitenzi cha Kuja

Mkonge uliolowa mvua una harufu kali kidogo, kama ya majani yaliyovunda. Kila ninapoinusa sokoni Nyeri, natazama chini. Nawaambia ninyi, kwa kuwa watoto wangu sijawahi kuwaambia.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya misheni, miaka michache baada ya Uhuru. Padri wetu wa Kilatini, Mwitaliano, alikuwa amenichagua niwakaririe wageni kitenzi cha kuja: venio cha Kilatini, kisha vengo cha Kiitaliano na Kihispania, viens cha Kifaransa, venho cha Kireno. Nilikikariri hata bafuni. Lakini aliyenaswa akisema Kikuyu alivishwa kibao cha mti shingoni, na mwenye kibao hakuruhusiwa jukwaani. Asubuhi ya siku ya wageni kilikuwa kwa Njoroge, mshindani wangu, naye aliniganda kama kupe akingoja niteleze anivishe mimi.

Ndipo mama akaingia uani, matope hadi magotini, kiondo chake cha mkonge kimelowa mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka Kiganjo. Akaniambia kwa Kikuyu kwamba cucu, nyanya yangu aliyenilea, ni mgonjwa sana na ananiita. Tuombe ruhusa twende.

Nilielewa kila neno. Nikamjibu kwa Kiingereza, lugha asiyoijua hata kidogo, kwamba nina kazi.

Mama akamgeukia Njoroge, akajaribu Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe kijana, huyu nasema nini?"

"Anasema ako na kazi, mama."

"Ati kazi? Kazi gani nashinda cucu yake?"

Njoroge, ambaye siku zote hakukosa mzaha, safari hii alikishika tu kibao chake. Mama akaniachia viazi vitamu, akaondoka.

Nilikariri bila kosa. Padri alipiga makofi hadi akakohoa. Cucu alizikwa Alhamisi, nami sikuwapo.

Mama hakunikemea kamwe. Ila tangu siku hiyo, kila nilipofika nyumbani, alinipokea kwa Kiswahili kilekile cha kubabaisha: "Karibu. Kaa kiti. Chai iko." Nilicheka, nikidhani anajifunza ili kunifurahisha. Nilikuwa tayari na watoto wangu mwenyewe nilipotambua kwamba hivyo ndivyo alivyozungumza na wageni.

Nikaanza kumjibu kwa Kikuyu. Alisema, "Asante," akanimiminia chai.