Dole gumba kwenye barabara ya Chilangala

Raba zangu za mbio ziko uvunguni tangu wiki iliyopita. Nilitoka Poland kuja kufundisha hesabu Newala, na kila jioni nilikimbia barabara ya Chilangala, muziki masikioni. Siku hiyo niliwakuta mbele yangu wanaume wengi wakienda haraka, wakipokezana mzigo mabegani. Wawili wakanipungia mkono. Nikadhani, mjinga mimi, wananishangilia. Nikainua dole gumba, nikaongeza mwendo, nikawapita wote nikijiona bingwa.

Kesho yake kibanda cha Mama Zuhura, aliyekuwa akiniuzia vitumbua, kilikuwa kimefungwa. Jirani akasema kwao kuna msiba. Nikaenda, nikampa mumewe mkono, nikaomba nimpe pole na Mama Zuhura mwenyewe.

Akatazama raba zangu.

"Tulimzika jana, Mwalimu. Ulimpita njiani."