Tairi za Pikipiki ya Awil

Awil alifariki siku moja tu baada ya kuvalisha pikipiki yake tairi mpya ya nyuma. Alikuwa akimkimbilia abiria stendi, akailaza pikipiki kwenye mzunguko kama alivyoilaza miaka yote, nyuma ikateleza, akagonga ukingo wa barabara. Kaka yake Diriye, dalali wa mbuzi katika soko la mifugo la Garissa, ndiye aliyeitwa. Alimwosha, akamzika, akapokea pole za watu. Hakulia. Alingoja kilio kije, kisha akaacha kungoja.

Pikipiki ilikaa uani miezi minne chini ya turubai. Siku nne kabla ya eda kwisha, Amran, mjane wa Awil, alimwita Diriye.

"Shemeji, nikitoka eda narudi dukani kwangu, soko la Suuq Mugdi. Unipeleke kwa pikipiki ile."

"Nitakutafutia gari."

"Leo gari, na kesho? Nikiiogopa hiyo nitaziogopa zote. Duka liko mbali na watoto wanataka kula."

Diriye akasema sawa. Siku hizo alisema sawa kwa kila jambo.

Akaisukuma hadi kwa Abdihafid, fundi wa tairi. Abdihafid alipoitambua aliacha kazi mkononi.

"Mimi ndiye niliyemfungia tairi ile," alisema. "Nilimwambia aende pole. Wallahi, Diriye, nilimwambia."

"Najua. Sasa niambie mimi."

Tairi ya mbele ilikuwa imeisha, ya nyuma imechanika ubavuni. Fundi alifunga mpya zote mbili, akajaza upepo, akakipitisha kidole cha Diriye juu ya mpira. Uling'aa na kuteleza.

"Huu ulaini inatoka nao kiwandani. Barabara ndiyo inayoutoa. Usiuoshe kwa petroli, utaharibu mpira. Iendeshe kilomita mia na hamsini hivi, peke yako, bila abiria. Usibane breki ghafla, usivute mafuta ghafla. Kona za leo, usiilaze pikipiki. Kesho ilaze kidogo, keshokutwa zaidi, mpaka kingo za tairi nazo ziguse lami. Mvua ikinyesha, rudi nyumbani. Na upepo upime asubuhi, kabla tairi haijapata moto."

Kwa siku tatu Diriye alienda kijiji cha Modika na kurudi, mara kadhaa kwa siku. Vijana wa bodaboda walimpita wakicheka: "Adeer, ami yetu, hiyo pikipiki inaumwa?" Jua lilimchoma mikono na aliliona jua, aliiona mikono, lakini havikumhusu. Penye barabara pana alipinda kushoto, kulia, kila siku akiegemea zaidi kidogo.

Siku ya tatu ngamia walichomoka vichakani wakakata barabara. Diriye aliachia mafuta, akakaza breki zote mbili taratibu, pikipiki ikasimama hatua tatu kutoka kwa ngamia wa mwisho. Mchungaji aliinua fimbo kumwomba radhi. Diriye alisikiliza moyo wake. Ulikuwa unadunda kama kawaida. Hilo ndilo lililomsumbua, tena kwa muda mfupi tu.

Jioni Abdihafid alizikagua tairi kwa mkono. Mng'ao ulikuwa umekwisha hadi kingoni.

"Sasa mchukue Amran," alisema.

Asubuhi ya kutoka eda, Amran alioga, akavaa gauni jipya la dirac na buibui juu yake, akapanda nyuma. Wakakaribia mzunguko. Hapo alikamata shati la Diriye kwa ngumi mbili.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Usisimame."

Diriye alipunguza mwendo, akaingia. Pikipiki ililala kidogo, tairi zikashika, ikainuka upande wa pili. Amran akaanza kulia, uso wake mgongoni kwa shemeji yake. Diriye alihisi shati likilowa, kama shati la mtu mwingine.

Mbele ya duka Amran alishuka, akafuta uso, akahangaika na kufuli lililoshika vumbi. Mlango ulipofunguka, mwanamke wa duka la jirani alikuja mbio akamkumbatia.

"Utakuja kunichukua alasiri?" Amran aliuliza juu ya bega la yule mwanamke.

"Nitakuja."

Akaenda soko la mifugo. Siku hiyo aliuza mbuzi wanne, na jioni mama yake alipomuuliza walikuwa wa rangi gani, hakukumbuka hata mmoja.